Bunduki ya Baba Iliyokuwa Turffontein

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Mafinga ananiuliza: mzee mzima umesafiri mpaka Johannesburg kwa ajili ya bunduki ya kuulia ndege, kisha umerudi mikono mitupu? Nikianza kujibu, mara chai inaletwa, mara mwingine anaingia, habari inakatikia njiani. Kwa hiyo nimeona niiandike yote, nyote mliouliza muisome kwa nafasi zenu. Mambo ya pasipoti na tiketi nayaacha, hayana utamu.

Wengi mnamjua mdogo wangu Damasi kwa jina tu. Aliondoka kijana, akaishia Johannesburg, na huko ni fundi viatu. Baba yetu, Mzee Lukasi, alipofariki, Damasi hakuweza kuja kuzika. Karatasi zake za kukaa kule hazikuwa sawa, na angetoka asingerudi kwa mke na watoto. Hilo lilimkaa moyoni, ingawa kwenye simu hakulitaja.

Mwaka huu wa 2017, mwezi wa Mei, alinitumia picha ya bunduki ya upepo ya zamani, ya Kiingereza, ile ambayo unavuta wenzo chini ya mtutu ndipo springi inajikaza. Shingo ya kitako chake ilikuwa imewahi kupasuka, na mtu alikuwa ameibana kwa kipande cha shaba na misumari midogo.

"Kaka," akaniambia, "Baba si ndivyo alivyoiziba ile ya shamba?"

Nikamwambia picha haitoshi. Vipande vya shaba ni vingi duniani.

"Basi njoo uishike. Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni, sina ninachokumbuka. Umebaki wewe tu."

Mafinga hadi Tunduma

Nilipanda basi asubuhi yenye ukungu, nimevaa koti langu la kiwandani. Miaka yote niliyofanya kazi kwenye kiwanda cha mbao sikuwahi kupita Tunduma. Njia nzima nilitazama misitu ya misonobari ikipita dirishani na kumfikiria Baba.

Baba alikuwa mlinzi wa ghala la mbegu na bustani kwa mzungu mmoja aliyekuwa na shamba huku kwetu. Alipewa ile bunduki ya upepo kwa ajili ya panya wa ghalani na ndege waliodonoa matunda. Haikuwa yake, lakini hakuna aliyeishika zaidi yake. Ile ngozi ya ndani inayosukuma upepo ikikauka, aliilainisha kwa mafuta ya kondoo, na akifyatua palitoka moshi mdogo unaonukia nyama choma. Mimi nilikuwa nakaa karibu yake makusudi niunuse.

Baba hakujua kusoma. Hata hivyo alipenda kupitisha kidole changu juu ya herufi zilizochongwa kwenye chuma. Kabla sijaenda shule nilijua S kwa umbo lake, kama nyoka aliyeinua kichwa. Baada yake zilifuata tarakimu, na mbili za mwisho niliziita majembe mawili, kwa sababu saba na saba zimefanana na majembe yaliyoegeshwa ukutani. Tarakimu za katikati nimezisahau kabisa. Nilikuwa nakwenda Johannesburg na nyoka mmoja na majembe mawili, basi.

Zambia

Baada ya Tunduma nilikaa karibu na Mrundi mmoja anayeitwa Nestor, mwenye duka dogo huko Diepsloot, kaskazini ya Johannesburg. Duka la namna hiyo wao huliita spaza. Alikuwa ametoka kumwona mama yake. Alinifundisha maneno ya kule kwa uvumilivu mkubwa. Aliponiambia mtaani kwake unakata kushoto kwenye robot ya pili, nilimuuliza kama hizo robot huwa zinatembea au zimesimama tu. Alicheka mpaka akafuta machozi. Ni taa za barabarani.

Kabla ya kufika Lusaka mkanda wa feni ulikatika. Dereva alituambia tutaondoka sasa hivi, kwa hiyo nikakaa ndani nikingoja. Abiria wa Kizambia walishuka na mikeka yao bila haraka, na hapo ndipo nilipoelewa sasa hivi ni kipimo gani. Tulikaa pale mpaka jua likahama upande mwingine wa basi. Mama mmoja alitoka kwenye nyumba ya jirani akatuuzia ugali mweupe na perege wa kukaanga, pamoja na majani ya maboga yaliyopikwa na karanga. Sijala majani ya maboga matamu namna ile tangu mke wangu alipoacha kulima bonde la juu. Nilimwambia asante kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kibemba, tukaelewana vizuri tu.

Beitbridge

Mpaka wa kuingia Afrika Kusini ndio ulionitia aibu. Ofisa aliniuliza kwa Kiingereza nakwenda kufanya nini. Mimi nimefundishwa kusema kweli, na Kiingereza changu ni cha kiwandani. Nikamwambia nakwenda kutazama bunduki.

Niliwekwa kando, kwenye benchi. Waliitwa wengine wawili. Mkoba wangu ulimwagwa mezani, wakakuta koti, viazi vya kuchemsha, na pakiti za majani ya chai ya kwetu Mufindi nilizombebea Damasi. Walizinusa zile pakiti kwa zamu. Nje, basi zima lilikuwa linaningojea, na nilisikia abiria wakinung'unika.

Nestor ndiye aliyekuja kuniokoa. Alizungumza na yule ofisa kwa upole, akanionyesha kwa kidole, akaonyesha viatu vyake mwenyewe. Baadaye alinieleza: "Nimewaambia mzee anakwenda kumwona mdogo wake, fundi viatu, na hawajaonana tangu wakiwa vijana. Bunduki ni mchezo wa utotoni. Umesikia, mzee? Ukiulizwa tena, sema ndugu. Usiseme bunduki."

"Lakini ni kweli nakwenda kutazama bunduki."

"Na ndugu je?"

Nilirudi kwenye kiti changu.

Troyeville

Damasi alinipokea stendi. Nilimpita. Nilikuwa namtafuta kijana mwembamba mwenye nywele nyingi, na yule mzee mwenye kipara aliyeniita "kaka" nilidhani anamwita mtu mwingine. Alinishika mkono, hakuuachia mpaka tulipofika nyumbani kwake.

Anakaa Troyeville, mtaa wa nyumba za zamani zenye varanda za chuma, zilizopanda mlima mdogo mashariki ya mji. Baridi yake ni kavu, inapasua midomo. Mkewe, Mama Neema, ni Mkongo wa Lubumbashi. Alinikumbatia kama tuliokua pamoja.

"Karibu, bofrere. Uko na njaa? Unataka mayi?"

Nilikuwa sijala tangu mpakani. Nikasema ndiyo, mayai mawili yatatosha. Aliniletea glasi mbili za maji. Nilizinywa zote kwa heshima, nikaendelea kungoja mayai. Damasi alipotambua kilichotokea alilazimika kutoka nje akacheke. Kwao Lubumbashi maji ndiyo mayi, na bofrere ni shemeji. Tangu siku hiyo kila asubuhi shemeji alinikaangia mayai mawili bila kuniuliza, akiyaweka mezani pamoja na glasi mbili. Jioni tulikula sombe, ambayo sisi tunaita kisamvu, na ugali wao wanaouita bukari. Watoto wanaelewa Kiswahili, ila wanajibu kwa Kiingereza. Nilipowasemesha walimtazama mama yao kwanza.

Chumba cha kazi cha Damasi kilinishangaza. Upande mmoja viatu, upande mwingine bunduki za upepo zimeegeshwa ukutani, za Kiingereza zote, nyingine hazina wenzo, nyingine hazina kitako.

"Nilianza na ngozi," alinieleza. "Mtu mmoja alikuja akaniuliza kama naweza kukata washa, ile ngozi ya ndani, ya bunduki yake ya zamani, kwa kuwa haziuzwi tena. Nikakata, ikakubali. Akawaambia wenzake wanaozikusanya. Nikaanza na mimi kununua zilizokufa, nazifufua."

Alinifundisha kuzitambua. Zile za Birmingham, kama ya shambani kwetu, zina alama ya bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja kama miti ya kibanda kabla ya kuezekwa. Herufi ya kwanza ya namba inakwambia aina yake. L ni nyepesi, S ni ya kawaida. Karibu na koki, pale unapodumbukiza kidonge cha risasi, kuna tarakimu ya ukubwa wa tundu. Akaniambia pia udanganyifu wake: kitako cha hii na mtutu wa ile, skrubu mpya zilizopakwa weusi ili zionekane za kale. Mimi niliichukua moja nikatazama kitako chake, nikamwambia huu ni mti wa walnut, isipokuwa kipande cha chini kimeunganishwa kwa mti mwingine. Alifurahi sana. Tulikaa pale kama watoto wawili, tukizipitia moja baada ya nyingine.

"Kwa nini unazihifadhi zote hizi?" nilimuuliza.

Alifuta mikono kwa kitambaa. "Sina kitu cha Baba, kaka. Wewe una nyumba yake, una jembe lake, unalijua kaburi lake. Mimi nikishika hizi najiambia labda na yeye alishika inayofanana nayo."

Ile ya kwenye picha haikuwa yake. Iliwahi kuletwa na jirani wa mama mmoja wa kizungu wa Turffontein ili ibadilishwe ngozi. Damasi aliibadilisha, akaipiga picha, akairudisha. Baadaye aliuliza kama inauzwa, akajibiwa haiuzwi. Sasa alitaka tukaulize tena, tukiwa wawili.

Turffontein

Turffontein iko kusini ya mji, na nyumba ya yule mama iko karibu na uwanja wa mbio za farasi. Jirani yake alitufungulia geti. Mama mwenyewe, Dorothy, alikuwa amekaa barazani juani, blanketi magotini, umri wake ukikaribia wangu. Damasi alimwambia kwa Kiingereza kwamba mimi ni kaka yake, natoka Tanzania, sehemu za Mufindi.

Yule mama akanigeukia. Akasema kwa Kiswahili:

"Kuja hapa. Keti."

Nilikaa. Akanitazama, akatafuta maneno.

"Lete chai. Funga mlango. Kuni iko wapi. Pesi pesi."

Nilimwona Damasi akikaza taya. Aliinama sikioni kwangu: "Kaka, huyu anatuamrisha."

Lakini mimi nilikuwa namtazama macho. Hakuwa anaamrisha. Alikuwa anatoa maneno yote aliyokuwa nayo, moja baada ya jingine, kama mtu anayemwaga kopo la vifungo mezani kuona kama kimo anachokitafuta. Kiswahili alichojifunza mtoto wa mwenye shamba kilikuwa hicho tu, cha kuagiza. Mwishoni akasema polepole, "Nyumba yangu haina mlango," akangoja.

"Yai," nikamjibu.

Akapiga makofi mara moja, akabaki ameshikanisha viganja. "Lukasi. Lukasi nafundisha mimi. Lukasi iko wapi?"

"Lukasi ni baba yetu, mama. Amefariki."

Hakuelewa neno hilo. Ikabidi niseme, "Amekufa." Hilo alilijua. Aliinamisha kichwa, jirani akaenda kuchemsha maji.

Bunduki ililetwa ikiwa imefungwa kwenye shuka. Mikono yangu iliijua kabla ya macho. Kile kipande cha shaba kilikuwa kimechakaa kikawa laini, na msumari wa tatu ulikuwa umeingia upande, kwa sababu siku ile mimi ndiye niliyeshikilia kitako na nilicheza. Niliigeuza juani. Nyoka alikuwepo. Nilipitisha kidole juu ya tarakimu za katikati nisizozikumbuka, nikafika mwisho, na yale majembe mawili yalikuwa pale pale, yameegeshwa.

"Ndiyo yenyewe," nilisema.

Damasi aliipokea, akaiweka mapajani, akafunika ile shaba kwa kiganja. Kisha akasema kwa Kiingereza anataka kuinunua, na yule mama ataje anachotaka.

"Hapana," Bi Dorothy alijibu. "Bunduki ya baba yangu."

"Na kwetu ni ya baba yetu," Damasi alisema.

Hakuna aliyesema uongo kati yao. Nilitamani ninyamaze, tunywe chai, tuage. Lakini kulikuwa na jambo ambalo nilikuwa nalo tangu utotoni, na Damasi hakuwahi kuambiwa. Nikalisema, nusu Kiswahili nusu Kiingereza changu, huku Damasi akiweka sawa palipokwama.

Nilisema kwamba siku moja, mbele ya ghala, mimi nikiwepo, yule mzungu alimwambia Baba: siku nikiondoka, hii ni yako. Siku ya kuondoka lori lilipakiwa, Baba akasimama pembeni ameshika kofia. Bunduki ilikuwa kiti cha mbele, imelala kwenye mapaja ya binti mdogo mwenye utepe kichwani. Baba alipunga mkono mpaka vumbi likatulia. Hakusema kitu. Alirudi ghalani akaanza kutega panya kwa makopo, na mpaka anakufa hakuizungumzia.

Damasi alinitazama kana kwamba nimempiga.

Bi Dorothy alikunja na kukunjua pindo la blanketi. "Mimi nalia," alisema mwishowe. "Mimi mtoto. Baba nasema acha, ya Lukasi. Mimi nalia, nalia." Akaendelea kwa Kiingereza, taratibu, kwamba alijua anaondoka na hatarudi, na hakuna mtu aliyemwuliza anataka kubeba nini. Ile bunduki alifundishwa na Lukasi kuipiga, makopo juu ya ukuta. Ndiyo pekee aliyoililia, na baba yake akashindwa.

Damasi aliinuka akairudisha ile bunduki kwenye shuka, akaifunga vizuri, akaiweka kitini karibu na Bi Dorothy. Tuliaga. Ndani ya teksi, tulipokaribia Troyeville, alinigeukia.

"Ungeniambia mapema," alisema.

"Baba mwenyewe hakutaka lisemwe."

"Angalau sasa najua alikuwa mtu wa namna gani," alisema, akageukia dirishani.

Troyeville, siku ya kuaga

Nilibaki siku chache zaidi. Nilimtengenezea Mama Neema rafu ya mbao, nikaenda nao kanisani walikoimba kwa Kiswahili cha Kongo na Kifaransa mpaka miguu ikaniuma, na Nestor akaja kutoka Diepsloot na sukari na mkate kunisalimia. Bunduki hatukuitaja tena.

Asubuhi ya kuondoka, mkoba wangu ukiwa mlangoni, gari la yule jirani wa Turffontein lilisimama nje. Bi Dorothy alishuka kwa shida, akaja na ile shuka kifuani. Alitaka kuona mahali Damasi anapofanyia kazi. Alitazama bunduki zote ukutani, akaomba kopo. Damasi akaweka kopo la nyanya juu ya ukuta wa uani, akavuta wenzo wa ile ya Baba, akadumbukiza kidonge, akampa. Alikosa. Akanipa mimi, nikakosa. Damasi alipiga, kopo likaruka, na watoto wakashangilia kwa Kizulu.

Kisha Bi Dorothy akaichukua, akaisogeza kwa Damasi kwa mikono miwili.

"Ngozi mbaya kidogo," alisema. "Tengeneza."

Damasi alikuwa ameibadilisha ile ngozi mwenyewe, na wote tulikuwa tumeusikia mlio wake, mkavu, mzuri. Aliipokea.

"Nitatengeneza, Ma. Utakuja lini kuichukua?"

"Pole pole," alijibu. "Hapana haraka."

Shemeji alimletea chai, na majani yalikuwa yale ya Mufindi niliyobeba mimi. Alinusa kikombe kabla ya kunywa, akafumba macho, akabaki hivyo mpaka mvuke ukaisha.

Kurudi

Ndiyo sababu mliniona nimerudi mikono mitupu. Kuvuka mipaka yote ile na bunduki, hata ya upepo, nisingethubutu, na tena hapakuwa na haja. Safari ya kurudi haikuwa na mkasa wowote. Mpakani niliulizwa nilikwenda kufanya nini, nikasema kumwona ndugu, wakanipigia muhuri bila kuniinulia macho.

Wengine mlikuwepo Damasi alipofika mwezi huu wa Desemba, karatasi zake zikiwa zimekaa sawa. Mlimwona na mke na watoto, mkamcheka kwa kusema robot na kuitikia sharp badala ya sawa. Msilolijua ni kwamba kabla ya kupanda basi aliipeleka bunduki Turffontein ikakae na Bi Dorothy mpaka atakaporudi. Alisema si vizuri aachwe peke yake sikukuu nzima.

Siku ya pili yake nilimpeleka kwenye kaburi la Baba. Aliomba nimwache. Nikashuka mpaka kwenye matuta ya viazi nikakaa, na kutoka pale nilisikia sauti yake bila kusikia maneno. Alikuwa na mengi ya kusema. Jua lilipanda, umande ukakauka kwenye majani, na mimi sikumwita.